Somo: Tovuti ya Maagizo kwa Mfanyabiashara Anayezunguka Magulio

Madhumuni ya somo

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya watu wa aina mbili, ambao mara nyingi huwa ni mtu mmoja. Wa kwanza ni mlaji anayetaka kuagiza bidhaa kwa simu kutoka kwa mfanyabiashara asiye na duka la kudumu. Wa pili ni mfanyabiashara mdogo anayetaka kutengenezewa tovuti ya kupokea maagizo. Naye, mbele ya fundi wa tovuti, ni mlaji kama walaji wengine. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza jinsi tovuti ya namna hii inavyopangwa, kutambua tovuti iliyopangwa vizuri, na kulinda fedha zake kabla ya kuzitoa.

1. Tatizo lenyewe

Anunuaye dukani anaujua mlango wa duka. Bidhaa ikiharibika kesho, atarudi pale pale. Mfanyabiashara anayezunguka hana mlango wa namna hiyo. Leo yuko Inyonga, siku chache baadaye yuko Majimoto, kisha ameshika njia ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Aliyemkabidhi fedha wiki iliyopita hana pa kumfuata ila kwa namba ya simu, na simu inaweza kuzimwa.

Hata hivyo biashara hii ina manufaa makubwa katika Mkoa wa Katavi. Vijiji viko mbalimbali, nauli ya kwenda Mpanda mjini ni mzigo kwa mwenye kipato kidogo, na wakati wa masika baadhi ya njia hupitika kwa shida. Anayeleta sufuria, mabuti na vyandarua hadi kwenye gulio humwokolea mkulima siku nzima ya kazi.

Tumfikirie mama mmoja mwenye ghala dogo mjini Mpanda, anayeuza bidhaa hizo kwa gari la kukodi. Mfano huu ni wa kufundishia tu, si habari ya mtu fulani. Shida yake ni kwamba hubeba mzigo kwa kukisia. Amechukua mabuti namba 42, wateja wanataka namba 40. Amebeba sufuria kubwa, watu wanauliza ndogo. Nusu ya mzigo hurudi Mpanda ilivyokwenda, na gharama ya kuubeba imeingia katika bei ya nusu iliyouzika. Kwa hiyo mlaji pia anaulipia mzigo ambao hakuununua. Maagizo ya mapema yanaweza kuondoa hasara hiyo kwa pande zote mbili, iwapo mteja ataweza kumwamini mtu asiye na mlango.

Tatizo hilo ni la zamani. Mwaka 1872, mjini Chicago nchini Marekani, Aaron Montgomery Ward alianza kuwauzia wakulima wa mbali kwa orodha ya bidhaa iliyotumwa kwa posta, na mizigo ikawafikia kwa reli. Wakulima hawakumwona muuzaji wala hawakuishika bidhaa kabla ya kulipa. Mwaka 1875 aliwaahidi kwamba asiyeridhika atarudishiwa fedha zake. Orodha iliwajulisha wateja kilichopo. Ahadi ya kurudisha fedha ndiyo iliyowapa sababu ya kununua. Tovuti ya leo inahitaji mambo yale yale mawili.

2. Daftari kabla ya fundi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kosa la kwanza la wengi ni kumwendea fundi wa tovuti kabla ya kuijua biashara yao wenyewe. Fundi atauliza, "Unataka tovuti ya namna gani?" Asiye na jibu atauziwa tovuti ya mtu mwingine.

Kwa misafara minne mfululizo, mfanyabiashara aandike mambo yafuatayo: ameuza nini na wapi, wateja wameuliza nini ambacho hakuwa nacho, ni wangapi wenye simu janja na wangapi wenye simu za vitochi, mtandao unapatikana wapi na unakatika wapi, na ni kwa sababu gani bidhaa zilirudishwa au wateja walilalamika. Kurasa hizo chache zitamwonyesha bidhaa zinazofaa kuagizwa mapema. Kwa kawaida ni zile zenye namba, saizi au rangi nyingi, na zile za bei kubwa ambazo hawezi kuzibeba kwa kubahatisha. Chumvi na viberiti havihitaji tovuti.

Daftari hilo pia litajibu swali gumu zaidi: je, tovuti inahitajika kweli? Ikiwa wateja wake wengi hutumia vitochi, basi namba moja ya simu, ujumbe mfupi na wakala mwaminifu katika kila kijiji vinaweza kumtosha kwa mwaka wa kwanza. Asione aibu kuanza hivyo.

3. Kurasa zinazohitajika

Tovuti ya maagizo haihitaji mapambo mengi. Kurasa tano zinatosha.

Ukurasa wa kwanza ni wa utambulisho: jina la biashara, jina la mwenye biashara, mahali ghala lilipo, namba ya simu, na namba ya usajili wa jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) iwapo limesajiliwa. Kwa mfanyabiashara asiye na duka, ukurasa huu ndio mlango wake.

Ukurasa wa pili ni wa bidhaa. Kila bidhaa iwe na picha halisi ya bidhaa yenyewe, vipimo, bei kamili kwa shilingi, na maelezo kama ni mpya au ya mtumba. Picha ya kuvutia iliyochukuliwa mahali pengine humpotosha mteja, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kuhadaa au kupotosha katika biashara.

Picha ziwe nyepesi. Picha iliyopigwa kwa simu ya kisasa inaweza kufikia megabaiti 3. Bidhaa 40 za namna hiyo ni megabaiti 120, nazo zinatoka katika bando la mteja. Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 80 kila moja, zote kwa pamoja ni kama megabaiti 3 tu, na mtu aliye mbali na mnara ataweza kuzifungua.

Ukurasa wa tatu ni kalenda ya msafara, tutakayoieleza hapa chini. Wa nne ni fomu ya agizo. Wa tano ni masharti: malipo, kubadilisha bidhaa, kufuta agizo, na kurudisha fedha. Masharti yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, yasomeke bila mwanasheria.

Kuhusu fomu, kanuni ni kuomba kidogo. Jina, namba ya simu, gulio atakapochukulia mzigo, bidhaa na idadi vinatosha. Kabla ya kukamilisha, mteja aonyeshwe agizo lake lote pamoja na jumla ya bei, aweze kusahihisha alipokosea au kujiondoa kabisa. Huo si ukarimu tu. Ni haki inayotambuliwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Agizo likishathibitishwa, mteja apewe namba ya agizo, nayo iandikwe katika ujumbe mfupi atakaobaki nao.

4. Kalenda ya msafara

Hapa ndipo tovuti ya mfanyabiashara anayezunguka inapotofautiana na tovuti ya duka. Duka huuliza, "Tukuletee wapi?" Mfanyabiashara huyu husema, "Nitakuwa mahali fulani siku fulani, je, utakuja?" Kwa hiyo kalenda si pambo la pembeni. Ndiyo moyo wa mpango wote.

Kwa kila kituo kalenda itaje mambo manne: jina la gulio, tarehe, saa za kuwapo hapo, na mwisho wa kupokea maagizo. Tuseme gulio ni Jumamosi. Mzigo unafungwa Ijumaa asubuhi, na bidhaa zisizokuwapo ghalani hununuliwa Alhamisi. Basi mwisho wa maagizo ni Jumatano jioni, na saa hiyo ikifika tovuti ifunge yenyewe maagizo ya kituo hicho na kumwonyesha mteja tarehe ya msafara unaofuata. Fundi asipoambiwa jambo hili mwanzoni, tovuti itaendelea kupokea maagizo ambayo hayawezi kutimizwa, na kila moja litazaa lalamiko.

Kalenda pia iwe na nafasi ya kutangaza mabadiliko. Mvua ikiharibu barabara, au gari likikwama baada ya Sitalike, mteja asiachwe amesimama gulioni hadi jioni. Mfanyabiashara aweze, kwa simu yake, kubadili neno moja tu, kutoka "tunakuja" kuwa "tumechelewa" au "tumeahirisha", na wote walioagiza katika kituo hicho wapate ujumbe mfupi. Ujumbe huo hauhitaji simu janja wala bando upande wa mpokeaji.

Mwisho, orodha ya maagizo iweze kuchapwa kwenye karatasi au kuhifadhiwa katika simu kabla ya safari kuanza, kwa kuwa mtandao hukatika njiani. Tovuti isiyosomeka pasipo na mtandao inamwacha mwenyewe gizani siku anayoihitaji zaidi.

5. Malipo: nani abebe hatari?

Swali hili lina uzito kwa pande zote mbili. Mteja akilipa yote mapema, hatari yote ni yake. Asipolipa chochote, hatari yote ni ya muuzaji.

Tupige hesabu. Muuzaji amepokea maagizo ya mabuti jozi 20 bila malipo ya awali. Kila jozi ameinunua kwa shilingi 18,000 na anaiuza kwa shilingi 24,000, hivyo faida yake kabla ya nauli ni shilingi 6,000. Siku ya gulio wateja 5 hawakutokea. Faida ya jozi 15 zilizouzwa ni shilingi 90,000. Mtaji uliobaki katika jozi 5 ni shilingi 90,000. Faida yake yote imelala ndani ya gunia, na nauli bado hajaitoa.

Njia ya kati ni malipo ya awali ya kiasi kidogo, kwa mfano robo ya bei, na salio kulipwa gulioni baada ya mteja kuikagua bidhaa. Katika mfano wetu robo ni shilingi 6,000. Mteja akidanganywa, hasara yake ni ndogo. Na aliyetoa shilingi 6,000 ana sababu ya kufika. Masharti yaseme wazi mambo matatu: muuzaji asipofika au bidhaa isipolingana na agizo, malipo ya awali yarudishwe yote, mteja akifuta agizo kabla ya siku ya mwisho, arudishiwe, mteja asipotokea bila taarifa, ajue mapema kitakachokuwa. Jambo lisilotajwa kabla ya malipo lisizushwe baada ya malipo.

Malipo ya simu yapitie namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Kabla hujaingiza namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Lisome, na ulilinganishe na jina lililo kwenye tovuti. Majina yakitofautiana, simamisha malipo na upige simu kwanza. Ujumbe unaokutaka utume fedha "kwenye namba hii nyingine" ni utapeli wa kila siku, hata ukitaja kwa usahihi bidhaa uliyoagiza.

Jambo moja zaidi kuhusu alama ya kufuli inayoonekana kwenye kivinjari. Alama hiyo huonyesha kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti yamefichwa yasisomwe na wapitao. Haisemi kama mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye anaweza kuwa na kufuli.

6. Makubaliano na fundi wa tovuti

Wafanyabiashara wengi wadogo hupoteza tovuti zao si kwa kuibiwa bali kwa kutokuuliza. Fundi amesajili jina la tovuti kwa jina lake mwenyewe, amebaki na manenosiri, kisha amehama au wamekosana. Siku ya kulipia mwaka wa pili mwenye biashara anagundua kwamba jina alilolitangaza katika magulio yote si lake.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, yaandikwe mambo haya na pande zote zitie saini:

a) Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara na kwa namba yake ya simu. Majina yanayoishia kwa .tz yako chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa. 

b) Gharama zitenganishwe: ya kutengeneza mara moja, na zile za kila mwaka, yaani jina la tovuti na nafasi ya kuihifadhi. Gharama ya ujumbe mfupi nayo itajwe, maana hulipwa kwa kila ujumbe. Tovuti iliyo rahisi kutengeneza inaweza kuwa ghali kuitunza.

c) Manenosiri yote yakabidhiwe mwenye biashara siku ya kumaliza kazi, naye ayabadilishe siku hiyo hiyo.

d) Malipo yagawanywe kwa hatua: sehemu mwanzoni, sehemu kazi ikionekana, na sehemu ya mwisho baada ya majaribio.

e) Nani atarekebisha kitakachoharibika, kwa muda gani, na kwa bei gani.

f) Mwenye biashara afundishwe kubadili bei, kuongeza bidhaa na kurekebisha kalenda mwenyewe. Asiyeweza kubadili bei bila kumwita fundi atabaki na bei za mwaka jana.

Malipo yote kwa fundi yawe na risiti.

7. Majaribio

Tovuti isizinduliwe kwa magulio yote kwa pamoja. Ianze na kituo kimoja, na wateja kumi wanaofahamika. Ifunguliwe kwa simu ya bei nafuu, si kwa kompyuta ya fundi. Na ifunguliwe kule kijijini, si katikati ya Mpanda mjini ambako mtandao ni mzuri. Apewe mtu ambaye hajawahi kuagiza mtandaoni, naye aachwe aagize bila kusaidiwa. Kila mahali atakapokwama pana kosa la tovuti, si la mtu.

Wateja wa vitochi wasisahauliwe. Anayeagiza kwa kupiga simu, au kupitia wakala wa kijiji, aingizwe katika orodha ile ile na apewe namba ya agizo kama wengine. Orodha mbili zinapokuwapo, bidhaa moja huuzwa kwa watu wawili.

8. Taarifa za wateja

Orodha ya majina, namba za simu na mahali watu wanapoishi si mali ya kuuzwa wala ya kugawiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu aeleze anazitumia kwa kazi gani, azilinde, na asizitumie kwa kazi nyingine. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayosimamia sheria hiyo, pamoja na usajili wa wanaokusanya na kuchakata taarifa. Tovuti ya mabuti haina haja na namba yako ya kitambulisho cha taifa, tarehe yako ya kuzaliwa, wala namba yako ya siri. Ikikuuliza hayo, ifunge.

9. Mlaji afanye nini

Kabla ya kuagiza, jiulize: Je, jina la mwenye biashara na mahali ghala lilipo vimeandikwa? Je, bei ni kamili? Je, kalenda inaonyesha tarehe zijazo, au imebaki na tarehe za mwaka jana? Je, masharti ya kurudisha fedha yapo? Je, kuna mtu gulioni anayemfahamu muuzaji huyu? Kuuliza si ujinga.

Unapoagiza, tunza namba ya agizo na ujumbe wa muamala. Usiufute hadi bidhaa iwe mikononi mwako na umeitumia siku kadhaa.

Unapopokea, kagua kabla ya kulipa salio. Vaa buti, jaza maji katika sufuria, kunjua kitenge chote. Kisha dai risiti.

Mambo yakiharibika, anza kwa muuzaji mwenyewe, kwa maandishi, ukitaja namba ya agizo na unachotaka: bidhaa nyingine au fedha zako. Asiposikia, mwone afisa biashara wa halmashauri yako. Malalamiko ya kupotoshwa au kuhadaiwa hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC). Kwa ujumbe wa kitapeli, utume kwenda namba 15040, na uwaarifu mtandao wako wa simu na polisi bila kuchelewa, kwa kuwa fedha zilizotumwa ni rahisi kuzuia kabla hazijatolewa.

Muhtasari

Tovuti ya mfanyabiashara anayezunguka ni ahadi ya mambo matatu: bidhaa hii, kwa bei hii, mahali hapa siku hii. Kinachobaki, yaani rangi na picha na vitufe, ni cha kusaidia ahadi hiyo ieleweke. Muuzaji anayeitimiza misafara kumi mfululizo atakuwa amepata mlango wake, na wateja watajua pa kumfuata.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mwisho wa kupokea maagizo huwekwa siku kadhaa kabla ya gulio?
2. Katika mfano wa mabuti, wasipotokea wateja 4 badala ya 5, faida ya jozi zilizouzwa ni kiasi gani, na mtaji uliobaki katika gunia ni kiasi gani?
3. Alama ya kufuli kwenye kivinjari inathibitisha nini, na haithibitishi nini?
4. Taja mambo manne ya kuandikiana na fundi wa tovuti kabla ya kumlipa.
5. Chagua tovuti au ukurasa mmoja wa muuzaji unayemfahamu. Upime kwa maswali ya sehemu ya 9, kisha amua kama ungemkabidhi robo ya bei.